Nusu Nyingine

Barua ilikuja katika bahasha ya kaki,
zile zile ninazowapelekea wengine,
safari hii jina la juu lilikuwa langu:
Sechelela Masinga, Mhudumu, Jengo la Pili.
Chuo kitakulipia nusu ya ada.
Ukipata chini ya C, utakatwa mshahara mpaka deni liishe.
Ukihitimu, hutaondoka kabla ya miaka mitatu.
Nikaisoma mara mbili nimesimama,
ya tatu nikakalia ndoo niliyoipindua.

Miaka kumi na moja nimebeba funguo za kilima hiki.
Najua mlango unaokwama mvua za Januari,
na dirisha la ukumbi wa nne
ambako upepo wa Agosti haubishi hodi,
unaingia tu na vumbi lake jekundu,
unakaa viti vya mbele
kama aliyelipa ada yote.

Saa kumi na moja jioni navua ovaroli.
Nafungua ukumbi kama mtumishi,
naingia kama mwanafunzi.
Mlango ni huo huo.

Dokta Chiwanga anafundisha Uhasibu wa Awali.
Namkumbuka mwaka wake wa kwanza, viatu vya kuazima,
akiniomba nimwachie taa nusu saa.
Nilimwachia.
Mchana ananiamkia: shikamoo, Mama Nyemo.
Jioni anasoma jina langu lote kwenye orodha,
naitika "Nipo,"
na sauti yangu inanishtua
kama ya mgeni uani kwangu.

Anasema: kila kilichoingia, kuna mahali kimetoka.
Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka.
Usiandike upande mmoja ukaenda kulala.

Basi nilipofika Ng'ong'ona nikachora leja yangu
nyuma ya daftari la Nyemo la Sayansi.

Kulia: mbuzi wawili, mnada wa Msalato.
Mmoja alikuwa na mimba; mnunuzi alijua, mimi sikujua.
Kulia: bodaboda ya kila usiku,
maana basi la watumishi haliwangoji wanafunzi.
Kulia: mlenda uliopoa.
Kulia: insha ya Nyemo, "Mama Yangu,"
mstari wa pili: mama yangu ni mtu wa kuja usiku.
Mwalimu wake amempa tisa kwa kumi.
Kulia: Baba Nyemo, ambaye hakusema kitu,
akajifunza kusonga ugali kwa kukumbuka mikono yangu.
Wa kwanza ulikuwa na madonge.
Tuliula.

Kushoto: nusu ya chuo.
Nikatafuna kalamu.
Kushoto: neno "urari," ambalo sikuwa nalo.
Kushoto: siku ile karani wa stoo alipokosea hesabu ya sabuni
nami nikaona, kabla hajaona yeye,
nikanyamaza kwanza, nilifaidi.

Hazikulingana.
Nilijumlisha tena, taa ya chemli ikanuka,
hazikulingana.

Kesho yake nikamuuliza Dokta, nikisingizia mfano tu:
urari ukigoma?
Akasema, tofauti usiifute, wala usiilazimishe.
Ifungulie akaunti ya muda,
ikae humo mpaka sababu ipatikane.
"Hata miaka?"
Akacheka. "Miaka? Mkaguzi atakumaliza, mama."
Alisahau kwamba ilikuwa jioni.

Saa mbili na nusu wenzangu wanatoka
wakibishana kuhusu jaribio la Ijumaa.
Nabaki na dasta.
Ubao huu nimeufuta mara ngapi,
mambo ya watu, chaki tupu, vumbi la kunipigisha chafya.
Sasa sifuti kabla sijanakili.

Leo nimeanzia kulia.
Nimefika katikati, mkono ukasimama.
Kushoto nimekuacha kama kulivyo.
Zamu ya asubuhi nayo ni yangu.